Bakubwa, baraji ya Ruzizi inaanzia huku kwetu mu maravini

Kwenu bakubwa benye muko na umeme mu mikono, kwenu ba meri na ba komine, kwenu ba mazingira, na ninyi bote benye munakaaka mu mikutano ya nchi tatu juu ya maji ya Ruzizi, muto yenye inatoka mu ziwa Kivu,

Jambo kwenu bote. Miye ni sudere, fundi wa kuunganisha byuma, niko na ateliye huku Kadutu, komine ya Bukavu, miaka 19 sasa niko natengeneza milango na madirisha na portai za batu ba hii muji. Siko enjenieri, sina chama, hakuna mutu alinituma. Naandika juu wiki iliyopita nilikuwa na portai ya mama moja mujane, alilipa avansi tangu mwezi wa pili, kulibakia paka sharniere mbili nimalize, kuranti ikaenda. Tukasema itarudia. Saa sita, saa nane, jua ikashuka, aprenti yangu babili balikaa chini ya mabati banangoja, kesho yake vilevile, kesho kutwa vilevile, ikarudia saa saba ya usiku wakati kila mutu amelala na ikaenda tena mbele ya asubuyi. Siku ine. Yule mama alikuya mara mbili, na kila mara alisimama mbele ya portai yake anaigusa tu na mukono, hakunigombeza, na ile njo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Mu avenyu kila mutu iko na maelezo yake, huyu anasema kuranti imeuzishwa, huyu anasema mashini imezeeka, huyu anasema ni siasa. Miye nilichoka kurudilia maneno ya barabarani. Niko na mutoto wa dada yangu mwenye anafanyaka kazi ya siku kwa siku kule ku baraji, ule ukuta ya maji yenye inatupatia kuranti, kazi ya kutoa buchafu mu maji, na nilimuambia kesho tunaenda wote nione na macho yangu. Byenye niliona njo nataka kuwaambia, juu nafikiri mingi yenu munapitaka pale na motokari, munaona maji kwa mbali, munaendelea.

Tulifika saa kumi na mbili na kidogo, ukungu ingali inalala juu ya maji, upande wa Rwanda unaonekana nusu nusu. Mbele ya baraji maji haionekane. Kuko kitu kama shamba ya rangi rangi, machupa ya maji na ya jus, mabido ya mafuta ya kupasuka, kambambili, mipira ya batoto, majani, matawi ya miti, sufuria ya plastiki, mukono ya poupee, yote imebanana mpaka nikazania mutu anaweza kutembea juu yake. Mutoto akasukuma mutumbwi ndani na ile sauti sitaisahau, machupa inagonga mbao ya mutumbwi huku na huku, ni kama batoto mia moja beko nagonga masahani na bijiko na hakuna mutu wa kubatuliza. Anatia furshe, ile uma kubwa, anainua, anamwanga mu mufuko, anatia, anainua, anamwanga. Nilimuomba ile furshe, nilifanya saa moja hivi, na mukono yangu yenye imezoea byuma ilichoka juu ile machupa ya ndani imejaa maji na udongo, iko nzito. Nilipogeuka kuangalia fasi tulikuwa tumesafisha, ilikuwa imeisha kujifunga tena. Maji inaleta ingine pole pole, haina haraka, na haisimame.

Lakini ile ya juu haiko mubaya sana. Chupa inaelea, unaiona, unaitoa. Yenye inauaka mashini ni masashe, mifuko myepesi ya plastiki. Sashe haielei sawasawa, inazama nusu, inatembea katikati ya maji fasi macho haifike, inaenda kubandika ku byuma byenye beliweka mbele ya mulango ya maji ili buchafu isiingie mu turbine, grii venye baneitaka. Mutoto alinionyesha kipande yenye balivuta ile asubuyi, sashe juu ya sashe, udongo katikati, majani katikati, ngumu kama kikwembe ya kulowana yenye umebandika ku dirisha na kuikausha. Nilijaribu kuipasua na mikono mbili, ikakatala.

Sasa miye nimefanya kazi na byuma maisha yangu yote kwa hiyo nilifahamu mbio. Grii ikiziba, maji mbele yake inabakia juu na nyuma yake inashuka, turbine inangoja maji yenye haifike, inaanza kutetemeka, na mutu mwenye iko na akili mu sale ya mashini hana njia ingine, anapunguza ao anazima. Kisha bapiga mbizi banashuka mule mu baridi na giza, banatoa na mikono kile chenye furshe haiwezi kufikia. Baraji ya Ruzizi ya kwanza inafanya kazi tangu mwisho ya miaka ya 1950, iko na mashini ine, na zote zikizunguka muzuri inatoa karibu megawati 30. Ya pili ilianza 1989, karibu megawati 44, na ile tunagawana shiye na Rwanda na Burundi. Muji yetu imepita batu milioni moja, na Goma pia beko naangalia ku mustari ya Ruzizi. Mashini moja ya ile ine ikisimama ni karibu robo nzima imeenda, na kuko siku haisimame moja tu. Sasa nilifahamu portai ya mujane ilikwama fasi gani. Ilikwama ku sashe.

Na sashe ilitoka wapi? Hapa njo niko naomba munisikilize muzuri.

Tulisoma ku shule asema zamani za kale maji ya huku ilikuwa inashuka upande wa kaskazini, mpaka volkano za Virunga zikamwanga mawe na kufunga bonde, maji ikakosa njia, ziwa ikapanda, ikapanda, mpaka ikapata fasi ya kutobokea huku kwetu, na ile fasi njo Ruzizi. Kwa hiyo baraji ya kwanza ya Kivu hakuna mutu aliijenga. Ni mawe ya volkano, milima mizima, hakuna baraji ya mawe mu dunia yenye mutu amejenga inaweza kujilinganisha nayo. Na tangu ile wakati ziwa lote, kilometa kare zaidi ya 2300, inatokea ku mulango moja tu, na mulango iko Bukavu. Kile mutu anatupa Minova, Kalehe, Idjwi, ao ng'ambo ku Rwanda, kama kinaelea na hakikupata fasi ya kukwama, siku moja kinaweza kufika hapa. Lakini tusidanganyane, ile nyingi nimeona mu mutumbwi nilikuwa naijua. Ni masashe nyeusi ya soko yetu. Ni machupa ya byenye tunakunywaka mu sikukuu zetu. Shiye njo tuko pembeni ya mulango.

Mupande na miguu kutoka chini mpaka ku avenyu yetu mutaelewa. Nyumba iko juu ya nyumba, njia ni ya mutu moja, kama munabeba maiti munapishana na shida. Kamiyo ya buchafu haiwezi kufika, haijafikaka, haitafika. Pubele ya bote hakuna, kuko ba asosiasio benye banapitaka kukusanya kwa abonema ya mwezi, ni batu ba mapendo na banafanya kazi, lakini mama mwenye anauzisha ndizi ku meza ya chini hatalipa abonema mbele ya kununua unga. Basi buchafu inafanya siku mbili tatu mu mufuko nyuma ya mulango, inaanza kunuka, na mama anaambia mutoto chunga kwanza, mvua iko nakuya. Mvua ikikuya, kila nyumba inafungua mulango na kumwanga mu ravini, ile korongo ya maji ya mvua. Nilifanya ile mambo miaka na miaka. Bibi yangu alifanya, jirani yangu alifanya, na hakuna mutu kati yetu alikuwa anawaza baraji, tulikuwa tunawaza tu nyumba isinuke. Kutoka mu ravini inaenda mu muto Kawa, kutoka Kawa inaenda mu ziwa, kutoka ziwa inaenda kungojea mutoto wa dada yangu na furshe yake.

Ile mbaya zaidi ni mvua ya kwanza ya mwezi wa 9. Kiangazi yote kuanzia mwezi wa 6 buchafu imelala mu maravini, imekauka, imejipanga, na siku moja mbingu inafunguka na yote inashuka mara moja. Ba ku baraji banaijua ile siku, banaiogopa venye mukulima anaogopa nzige. Na kila mwaka inakuya mu mwezi ule ule! Haiko ajali. Kitu yenye inakuyaka kila mwaka mu mwezi moja inaweza kujitayarishiwa tangu mwezi wa 7, maravini ingali kavu, mutu anashuka ndani na buti yake na kutoa mufuko kwa mufuko bila ata kulowana. Hapa njo nashindwa kufahamu, bakubwa. Tunangoja buchafu yenye iko kavu na nyepesi mu kilima ikuwe ya kulowana na nzito mu maji, kisha njo tunatafuta bapiga mbizi.

Sheria iko. Dekre ilitoka 30 mwezi wa 12 mwaka 2017, inakataza masashe ya plastiki mu inchi muzima. Vuka paka ile daraja ya Ruzizi uende Kamembe, kule banakataza masashe tangu 2008, unafika ku mupaka na sashe banakutoshea bitu ndani banakupatia mukononi. Ni mutembezi ya dakika. Maji ni moja, samaki ni moja, huku sambaza inauzishwa mu sashe nyeusi, kule haiwezekane. Bibi yangu anauzisha sambaza, nilimuuliza kwa nini asitumie majani ya ndizi venye mama yangu alikuwa anafanya, akaniambia kiriya anataka sashe, usipokuwa nayo anaenda ku meza ya pembeni. Haiko na kosa. Meza moja haiwezi kubadilika peke yake, soko mzima ikibadilika siku moja hakuna kiriya atakosa fasi ya kwenda. Na ile ni kazi yenu, haiko ya bibi yangu.

Kuko na ingine yenye sione batu banasema. Kuranti ikikosa siku ine, muji inapika na nini? Makala. Makala inatoka ku miti, mingine inatoka mpaka upande wa Kahuzi-Biega, na milima inabakia bichwa wazi. Mvua inachukua udongo, udongo inashuka mu mito, mu ziwa, mu Ruzizi, inafika ku baraji na kukaa chini pale. Ile kikwembe nilijaribu kupasua, nusu yake ilikuwa udongo! Kwa hiyo kukosa kuranti inakata miti, na kukata miti inakosesha kuranti, inazunguka hivi. Na ku Ruzizi ya pili ni maji ile ile inashuka, hakuna mutu ameisafisha katikati.

Sasa munaweza kusema huyu sudere analia tu. Sikuya na kulia peke yake.

Mwaka jana tulijaribu. Nyuma ya ateliye yangu kunapita kamuto kadogo, kiangazi unakaruka, mvua kanakuwa mukali. Tulichanga na majirani, tukanunua fer ya 12, nikasudea grii ya mita mbili, nikailaza kidogo ili buchafu ipande juu na maji ipite chini, tukaifunga ku mawe mbili. Mvua ya kwanza, mu nusu saa ilijaa. Tulitoa mifuko kumi na ine, batoto ba avenyu banashangilia. Mvua ya pili ilikuya usiku, hakuna mutu aliamuka, grii ikaziba kabisa na maji ikatafuta njia mu nyumba ya jirani, mama iko na mutoto mudogo mugongoni anapiga kelele, tukakata byuma na meule mu giza maji mu magoti. Asubuyi nilienda kumuomba pardo na nilimununulia matela. Toka ile siku najua kitu moja yenye nitaiambia mutu yeyote mwenye anakuya na plan ya kuweka grii ku mito ya Bukavu: chuma bila mutu wa kuisafisha saa ile ile ni hatari kuliko kutokuwa na chuma. Usiweke byuma na kupiga foto na kurudi ofisi. Weka batu kwanza. Batu babili babili ku kila mudomo ya muto, mchana na usiku mu miezi ya mvua, na torshi, na buti, na mushahara ya mwezi. Kisha njo byuma. Ku fasi Kawa inaingia mu ziwa iko pana, pale heri kamba ya kuelea na wavu, yenye inapanda na kushuka na maji, kuliko grii ya kusimama. Miye na basudere benzangu ba Kadutu tulizungumuza, tuko tayari kufanya ile kazi kwa bei ya byuma tu, mukono yetu tunatoa bure. Nasema mbele ya bote, mutu anishike na hii maandishi.

Na ile batu ba furshe. Hapa naomba musimame kidogo. Mutoto wa dada yangu alikatwa kidole na chupa ya kuvunjika, ile ya pembeni ya kidole gumba, alikuwa bila ganti juu ganti ya kwanza ilipasuka na ya pili haikuya. Benye alikuwa anafanyia kazi balimupatia siku mbili ya kupumuzika bila kulipwa. Anaandikwa kwa siku, mvua ikipiga sana mutumbwi ikakatazwa kushuka halipwe, na ile siku njo buchafu inakuya mingi. Ni kijana wa miaka 24. Aliniambia, nonko, muji wote inawasha ampule juu ya furshe yangu na mu nyumba yangu hakuna ampule. Hakusema na hasira. Alikuwa anafunga kidole yake na kipande cha kikwembe. Mubaandike kwa mwezi, mubapatie ganti na buti na dawa ya tetanosi. Haiko kitu ya kungojea musaada ya inje.

Pesa itatoka wapi? Itoke mu faktire ya kuranti. Tunalipa, bakubwa. Tunalipa ata mwezi yenye tuliona kuranti siku ya kuhesabu na bidole. Miye sitaki ishuke kwanza, nataka kuona sehemu moja yake inapanda kilima. Iandikwe ku faktire, mustari moja, hii ni ya kusafisha maravini, na kila mwezi wa 9 mutuonyeshe ilifanya nini, avenyu gani, mifuko ngapi. Mutu akiona mufuko ya buchafu inalipwa ata kidogo ku fasi ya kupokelea, hatamwanga mu mvua. Batoto ba kwetu banaokota byuma bya kuvunjika muji muzima juu byuma inauzishwa. Hamutapata kipande ya chuma mu ravini, ata musumari. Plastiki iko pale juu haina bei.

Halafu mutuambie. Kitu hii haina garama hata kidogo na sifahamu juu ya nini inashindikana. Siku munazima kwa kutoa buchafu, museme ku redio na ku telefone, leo kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja tunasafisha grii, Kadutu na Bagira hazitakuwa na kuranti. Nikijua, nakata byuma asubuyi na musumeno ya mukono, nasudea jioni. Mama wa frigo anauzisha nyama mbele. Mwenye mashini ya kusaga anaambia batu bakuye kesho. Siku tuko mu giza bila neno, mutu anavumbua maneno yake, na ile maneno inageuka chuki juu ya jirani wa ng'ambo mwenye hana kosa, pengine naye amekosa kuranti ku sashe ile ile.

Ya mwisho ni kwenu ba mikutano ya nchi tatu. Tunasikia Ruzizi ya tatu, kwanza banasema megawati 147, sasa banasema 206. Tunafurahi, sitaki mutu aseme napinga. Ruzizi inashuka kutoka karibu mita 1460 juu huku mpaka karibu 770 kule Tanganyika, mu kilometa kama 120 tu, ni Mungu alitupatia ngazi ya maji. Lakini ile baraji ya tatu itakunywa maji yenye imepita kwa mbili za kwanza. Mukichora ukuta na turbine na mustari ya kuranti na hamukuchora Kadutu, hamukuchora Kawa, hamukuchora milima ya makala, mumechora nusu. Fundi moja mwenye alifanyaka kazi Zambia alinielezea juu ya baraji ya Itezhi-Tezhi, ku muto Kafue, ni ukuta ya mawe na udongo, beliimaliza mu miaka ya 1970. Bayenjenieri balihesabu maji ya zaidi tangu mwanzo, ili kila mwezi wa 3 bafungulie bonde ya chini, mita kibiki 300 kila segonde mu juma ine, juu bonde ile inaishi na mafuriko, majani na samaki na nyama na batu benye banachunga. Iliandikwa mu plan mbele ya jiwe ya kwanza kulala. Sikuya kusema kule byote ni tamu. Nasema kuko batu balikaa ku meza na kuhesabu bitu byenye haviko turbine. Ninyi muhesabu maravini yetu. Muandike mu plan ya tatu, na bajeti yake, na jina ya ofisi yenye itafanya, mbele ya jiwe ya kwanza. Na ile garama yake ikuwe ndani ya bei ya baraji venye simenti iko ndani.

Mumwaka huu mwezi wa 9 iko karibu. Kuko juma chache kiangazi ingali. Maravini ya kwetu iko kavu leo, niliishuka jana na aprenti yangu babili tukatoa mifuko sita mbele ya chakula ya muchana, hatukulowana ata kiatu. Mu avenyu yetu tuko tayari kila siku ya posho asubuyi, mutuletee paka mifuko na fasi ya kuipeleka, ile ya pili njo inatushinda, tuko na mufuko sita mbele ya mulango ya ateliye na hatujui kwenye tutazipeleka.

Portai ya yule mama niliimaliza usiku ya siku ya yenga, saa tisa ya usiku, kuranti ilirudia na nikaruka ku kitanda. Alikuya asubuyi na vijana babili kuibeba.

Mutoto wa dada yangu anaingia mu maji saa kumi na mbili kila siku, upepo ingali haijaamuka, njo saa yenye unaona muzuri. Mutumbwi yake inabeba batu batatu. Mabuti niko nayo mbili ku ateliye, numero 42 na 43, na furshe moja ya zaidi nilimutengenezea miye mwenyewe. Mutu moja wenu anitumie tu neno ni siku gani, nitamungojea pale chini ku kipandio.

Sudere moja wa Kadutu, Bukavu